Sura ya Nne: Nani Yuko Nyuma ya Kibao?

Mteja amechagua mafuta ya nywele na sabuni mbili, ametoa simu na kubonyeza Lipa Namba iliyobandikwa ukutani. Kibao cha mlangoni, kwa rangi nyekundu na maua pembeni, kinasema duka ni la vipodozi na linaitwa kwa jina la kike. Simu inamwomba athibitishe kumlipa mtu mwingine kabisa, mwanaume, majina matatu. "Dada, mbona inaleta jina la mwanaume?" "Ni ya shemeji yangu hiyo, we lipa tu." Mteja analipa, kwa kuwa foleni ni ndefu na sabuni anaihitaji leo. Ila ameuliza swali la maana kuliko alivyodhani, na kuna sheria nzima iliyotungwa kulijibu: pesa yangu inakwenda kwa nani?

Sheria ya usajili wa majina ya biashara ipo kwa ajili ya swali hilo, wala si kwa ajili ya jambo jingine kubwa. Nalisema mapema kwa sababu wafanyabiashara wadogo wengi huenda BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, na matumaini mengine. Mmoja anaamini kwamba akishapata cheti jina limekuwa mali yake, na yeyote atakayeliiga atakiona. Mwingine anatoka na cheti akijitambulisha kuwa ni mkurugenzi wa kampuni. Wa tatu anadhani ameshahalalisha biashara, kilichobaki ni kuchora kibao na kufungua mlango. Wote watatu wamekosea, na kila kosa lina gharama yake, ambayo kwa kawaida huja kuonekana siku ya ugomvi.

Asili ya sheria hii ni vita. Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kusajili majina ya biashara. Hofu ya wakati ule ilikuwa kwamba Wajerumani walioishi Uingereza walikuwa wakifanya biashara chini ya majina yenye sura ya Kiingereza, na mnunuzi hakuwa na njia ya kujua anamtajirisha nani. Dawa iliyotungwa ilikuwa nyepesi: tumia jina lolote utakalo, lakini uandikishe kwa Msajili jina lako halisi, uraia wako na mahali unapoishi, kisha utundike cheti mahali kinapoonekana. Anayekaidi, pamoja na faini, alinyimwa nguvu ya mahakama kudai haki zake za mikataba ya biashara hiyo mpaka mahakama yenyewe imhurumie. Mwaka huohuo, mwezi wa Septemba, majeshi ya Mwingereza yaliingia Dar es Salaam, mji mkuu wa koloni la Mjerumani. Utawala wake ulipotulia Tanganyika, sheria za aina hiyo zilikuja pamoja nao, na Tanzania Bara inayo mpaka leo, Sura ya 213 ya sheria zetu. Kenya nayo ina ya kwake, Sura ya 499. Wajerumani wa London wamesahaulika zamani. Kilichobaki ni wazo kwamba anayevaa jina la biashara aache jina lake la kweli mahali ambapo mtu anaweza kulikuta.

Kwa hiyo asiyevaa jina lingine hadaiwi usajili. Allidina Visram, yule tajiri aliyekuja pwani yetu kutoka Kutch akiwa kijana mdogo na kueneza maduka toka Bagamoyo na Mombasa hadi Uganda, alifanya biashara kwa jina lake mwenyewe. Alifariki mwaka 1916 huohuo. Hata kama sheria ingekuwapo hapa enzi zake, mtu wa namna hiyo isingemgusa: jina lililoandikwa mlangoni ndilo jina la mdaiwa. Juma Hamisi anayeuza vyuma kwa jina la Juma Hamisi hana la kuficha wala la kusajili. Akiongeza "na Wanawe", au "Enterprises", au "Vifaa vya Ujenzi", hapo ameshatoka kwenye jina lake na kuingia kwenye jina la biashara.

Na "Kwa Mangi" je? Maelfu ya maduka ya mtaani yanaitwa hivyo na wenyewe hawakuyaita. Majirani ndio walioyaita, na lugha ya mtaa haihitaji kibali cha Msajili. Mangi anayetumia jina lake la kitambulisho katika risiti na mikataba yake halazimiki kuandikisha utani wa wateja. Siku akimlipa mchoraji aandike "Mangi Shop" juu ya mlango na kuanza kutoa ankara kwa jina hilo, habari imebadilika. Vivyo hivyo kwa mama muuza chakula ambaye mtaa mzima unamwita kwa jina la mwanawe wa kwanza. "Mama Salma" si jina lililo katika kadi yake ya NIDA. Akilipandisha kwenye kibao na kuanza kuomba zabuni ya kulisha semina, aliandikishe.

Kazi yenyewe ya kusajili siku hizi ni ndogo kuliko sifa zake. BRELA ilianzishwa mwaka 1999, na kwa miaka mingi mtu wa Kigoma au Mtwara alilazimika ama kusafiri hadi Dar es Salaam ama kumwamini mtu wa Dar es Salaam. Tangu 2018 usajili unapitia kwenye mfumo wa mtandaoni unaoitwa ORS. Unafungua akaunti kwa namba yako ya NIDA, unatafuta kama jina unalolitaka limeshachukuliwa, unajaza aina ya shughuli, anwani ya biashara na taarifa za wamiliki, unasaini fomu na kuipandisha, kisha mfumo unakupa kontrol namba ulipie kwa simu au benki. Ada niijuayo ni shilingi 15,000 za usajili na 5,000 za kila mwaka za kulitunza jina. Ada hubadilishwa kwa kanuni, hivyo soma kiasi ambacho mfumo wenyewe unakuonyesha, wala usimsikilize kishoka anayekutajia laki moja na nusu "ya haraka".

Hapa nitulie kidogo, kwa sababu hatari kubwa ya usajili wa mtandaoni haimo ndani ya mfumo, imo steshenari. Mama mwenye saluni anakwenda kwa kijana mwenye kompyuta, anampa kitambulisho na elfu chache za usumbufu, na baada ya siku kadhaa anakabidhiwa cheti kilichochapwa kwa rangi. Cheti ni halali na jina ni lake. Lakini barua pepe iliyofungua akaunti ni ya kijana, namba ya simu ni ya kijana, na nywila anaijua kijana peke yake. Miaka mitatu baadaye mama anahama kutoka Sinza kwenda Mbezi na anataka kubadilisha anwani. Kijana ameshafunga steshenari, yuko Dodoma au hayuko hewani. Sasa kazi iliyokuwa ya jioni moja imekuwa ya barua na safari za kuthibitisha kwamba yeye ndiye yeye. Msaada wa steshenari si dhambi, nami naushauri kwa asiyezoea kompyuta. Ila fungua barua pepe yako mwenyewe kwanza, tumia namba yako ya simu, na uandike nywila mahali unapoweka hati ya kiwanja.

Kuhusu kuchagua jina, Msajili hukataa mambo machache yanayoeleweka. Hukataa jina linalofanana mno na lililokwishasajiliwa, na jina linalomfanya mtu adhani biashara ni ya serikali. Maneno kama "benki" na "bima" yana wenyewe, na wenyewe hao wana leseni za Benki Kuu na za mamlaka ya bima. "Limited" huwezi kuiweka, kwa kuwa inamwambia mkopeshaji kwamba kuna kampuni yenye ukomo wa dhima, na wewe huna. Yaliyobaki ni ladha yako, na ladha yetu, niseme bila kuficha, imechoka. Mtaa mmoja utakuta General Supplies nne, Investment tatu na Enterprises zisizohesabika, zote zikitofautiana kwa herufi mbili za mwanzo ambazo ni za mwenye duka na mkewe. Wazee wa pwani walikuwa na ubunifu zaidi katika kuita majahazi yao. Jina ambalo mteja halikumbuki hata akiwa amelisoma asubuhi ni fedha iliyomwagwa kwenye rangi.

Sasa tuje penye uzito. Jina la biashara si mtu. Kampuni ni mtu machoni pa sheria: ina mali yake, madeni yake, na inaweza kumshtaki hata mwanzilishi wake. Jina la biashara halina chochote cha namna hiyo. Ni wewe mwenyewe, umevaa kofia. Kila mkataba ulioandikwa kwa jina la duka umeusaini wewe. Mkopo wa duka ni wako. Na dalali wa mahakama akija kukazia hukumu haishii kwenye rafu za duka, anaweza kufika kwenye pikipiki, kiwanja na mifugo yako. Nimesikia watu wazima wakisema "deni ni la biashara, si langu" huku wakinyooshea cheti kidole. Cheti hichohicho ndicho kinachosema kwamba biashara ni wao.

Jambo hili huuma zaidi mahakamani, na huuma kwa upande mmoja. Amri ya 29 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inaruhusu mtu anayefanya biashara kwa jina lisilo lake ashtakiwe kwa jina hilo la biashara. Inaeleweka: aliyedhulumiwa na duka huenda hajui jina lingine zaidi ya la kibaoni. Lakini mlango huo haufunguki kwa upande wa pili. Mmiliki wa peke yake hawezi kumshtaki mtu kwa jina la duka. Tuseme mpishi amelisha wajumbe wa mkutano kwa siku tano, ankara haijalipwa, naye anafungua kesi ambayo mdai wake ni jina la biashara ya mapishi. Wakili wa upande wa pili hatahangaika kubisha kwamba chakula hakikuliwa. Atasimama na pingamizi la awali kwamba mdai si mtu anayetambuliwa na sheria, kesi itaondolewa, na mpishi atarudi kulipia ada upya na kupoteza miezi. Namna sahihi ni mdai kuwa yeye kwa majina yake matatu, akifuatiwa na maelezo kwamba anafanya biashara kwa jina fulani. Wabia wawili au zaidi wana nafuu, maana wao wanaruhusiwa kushtaki kwa jina la ubia wao. Wa peke yake hana. Andika mikataba yako hivyohivyo tangu mwanzo: majina yako kwanza, jina la duka baadaye, na namba ya usajili.

Habari ya wabia nayo ina mtego wake. Ndugu wawili wanafungua duka la vifaa vya umeme, majina yote mawili yanaingia kwenye usajili. Baada ya miaka miwili mmoja anapata ajira Mwanza na anaondoka kwa amani, wanagawana fedha, wanakula pamoja, wanaagana. Hakuna anayekumbuka kwenda kuliondoa jina lake kwa Msajili. Aliyebaki anachukua bidhaa kwa mali kauli na kushindwa kulipa. Msambazaji akipekua daftari anakuta wabia wawili, na anawatafuta wote wawili. Yule wa Mwanza atakuwa na kazi ngumu ya kueleza kwamba aliondoka zamani, kwa kuwa daftari la serikali ambalo yeye mwenyewe alilijaza linasema bado yupo. Sheria imeweka muda wa siku za kutoa taarifa ya mabadiliko, iwe ni mbia kuondoka, anwani kuhama au biashara kufungwa. Watu huifanya kazi ya kuingia kwa furaha na kuisahau ya kutoka.

Nimesema jina halijawa mali yako. Msajili atamzuia mwingine asisajili jina lilelile kwenye daftari lilelile, na hapo ndipo ulinzi wake unapokoma kwa sehemu kubwa. Ukitaka haki ya kumzuia mtu asibandike jina lako au nembo yako kwenye chupa zake za pilipili, unasajili alama ya biashara au huduma, ambayo ni ombi jingine, ada nyingine na sheria nyingine ya mwaka 1986, ingawa ofisi ni ileile ya BRELA. Kwa Bara alama hulindwa miaka 7 ya kwanza, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Fundi cherehani wa mtaani hahitaji hilo. Anayefungasha bidhaa na kuzipeleka mikoani analihitaji kabla lebo hazijachapwa, maana mwigaji huja wakati mauzo yamechangamka. Na kuna mpaka mwingine ambao watu wa Bara huushangaa: Zanzibar ina daftari lake, chini ya wakala wake, BPRA. Cheti cha Dar es Salaam hakivuki bahari, wala cha Unguja hakitui Kariakoo. Anayeuza viungo pande zote mbili asajili pande zote mbili.

Wala cheti si leseni. Baada ya jina, bado kuna TIN ya TRA, na bado kuna leseni ya biashara ya halmashauri au ya BRELA yenyewe kwa biashara za ngazi ya juu. Duka la chakula na duka la dawa yana wakaguzi wao zaidi. Ndiyo maana ukuta wa nyuma wa duka letu una fremu tatu au nne kando ya picha ya Rais, na kila fremu inajibu swali la ofisi tofauti. Mmachinga wa kweli, anayetembeza mkononi, hayumo katika hesabu hii. Desemba 2018 Rais Magufuli aligawa vitambulisho vya shilingi 20,000 kwa wafanyabiashara ambao mauzo yao hayafiki milioni 4 kwa mwaka, na kitambulisho kile kilikuwa na jina la mtu, hakikuwa na jina la duka. Bei ile ilikaribiana na gharama ya kusajili jina, na wapo waliochanganya vitu hivyo viwili.

Kuna watakaouliza kama daftari lenyewe bado lina maana. Uingereza, iliyolianzisha, ililifuta mwanzoni mwa miaka ya 1980. Haikufuta wajibu: mpaka leo anayefanya biashara huko kwa jina lisilo lake lazima aweke jina lake halisi kwenye barua, ankara na risiti, na mahali wateja wanapofika. Marekani kila jimbo lina utaratibu wake. Mtanzania anayesuka nywele Los Angeles kwa jina la kubuni huandikisha kwa karani wa kaunti, kisha hutangaza gazetini mara moja kwa wiki, wiki nne mfululizo, jina la saluni pamoja na jina lake, na baada ya miaka 5 anarudia usajili. Njia ni tofauti, shabaha ni ileile ya mwaka 1916. Kwa maoni yangu sisi tungefaidika kwa kuchukua kipande cha Waingereza juu ya daftari letu: risiti ya kila duka ionyeshe majina ya mwenye duka, maana mteja wa Mbagala hatapekua ORS kwa ajili ya sabuni mbili. Cheti kilichofungiwa kabatini hakijamwambia yeyote kitu.

Limebaki la kifo, ambalo wenye maduka hawapendi kulizungumza. Kwa kuwa jina si mtu, mmiliki wa peke yake akifariki duka haliendelei kwa nguvu yake lenyewe kama kampuni. Bidhaa, madeni na fedha zilizomo kwenye akaunti ni mali ya marehemu na zinaingia kwenye mirathi, na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ndiye mwenye mamlaka ya kuzigusa. Mjane anayeendelea kuuza kesho yake anaeleweka, watoto lazima wale. Hata hivyo anauza mali ambayo kisheria bado haijawa yake, kwa jina ambalo daftari linasema ni la mtu asiyekuwapo tena. Mume na mke wanaoendesha duka pamoja waandikishwe wote wawili kuwa wabia tangu siku ya kwanza. Mke akiwa mbia, sehemu yake katika duka imeandikwa wazi, haihitaji kubishaniwa msibani.

Basi kabla hujamlipa mchora vibao, fanya haya. Tafuta jina kwenye ORS kwa akaunti yako mwenyewe. Likipatikana, lisajili kwa majina ya wote wanaomiliki kweli, na usimwandike shemeji kwa sababu tu namba yake ya NIDA ilitoka mapema. Fungua akaunti ya benki na Lipa Namba kwa jina hilohilo. Tundika cheti mahali mteja anapokiona, lipa ile ada ya kila mwaka, na siku biashara ikihama, ikibadili mikono au ikifa, mwambie Msajili kabla hujamwambia mpangishaji wa fremu.